Jina Kabla ya Mwezi

...walikuwapo Liau A-tho mkewe, na Giam Bun-siong mwanawe, na Daktari Ang Kok-liong, na muuguzi ambaye jina lake hakuliuliza, kosa hilo, na yeye mwenyewe, Giam Tsin-hok, na nyuma ya kioo mjukuu wake, ambaye kwenye kisanduku chake cha joto wameandika tu mtoto wa Tan Siok-tin, mke wa Bun-siong, maana hajatimiza mwezi, na ukoo wao haumpi mtoto jina kabla ya mwezi, ukimpa umewaonyesha njia pepo wachukuao watoto... daktari anasema nini, figo zote mbili, mkojo hauteremki, bonge la ukungu limeziba, zile dawa kali zilizomwokoa juzi zimeua na vijidudu vyema, ukungu ukapata nafasi, na Tsin-hok anayaona magogo yake bandani kule Puli, gogo bichi lililokatwa karibuni, halina tena nguvu ya kujitetea, unatoboa, unapandikiza uyoga, unangoja mvua... "Si nilikwambia," A-tho anamnong'oneza, "unakuja kumwona mtoto na koti la bandani, unanuka uyoga mpaka kwenye kope!" "Nililifua." "Wewe? Umeanza lini kufua?" "Mama, acha basi," anasema Bun-siong, na daktari, kijana mpole, "Hapana, bibi, si uyoga wa mzee, huu tunao sote mwilini, unaitwa Kandida," Kandida, Tsin-hok analirudia kimoyomoyo, polepole, kama alivyorudia darasani jina la Kijapani, Iwamoto, alilopachikwa na mwalimu enzi za utawala wa Wajapani, fimbo mezani, na baada ya siku chache akawa anaitika, mtu akiitwa sana huitika... ukungu una jina, mtoto hana, ukungu unatajwa na kutafutiwa dawa, naye amelala pale na mirija mgongoni, nani amwite, mama yake yuko nyumbani na mwezi wake wa uzazi, haruhusiwi kutoka akapigwa na upepo, analishwa kuku wa mafuta ya ufuta na kuambiwa mwanao ananenepa, nani basi... "Kiat-sim," anasema, mdomo ukigusa kioo. "Unasema nini?" "Namwita. Giam Kiat-sim." "Kabla ya mwezi! Una wazimu, mzee?" Hageuki, hao pepo walikwishamwona zamani, bila jina, Kiat-sim, Kiat-sim, kifua kidogo kinapanda, kinashuka, daktari bado anaeleza habari za figo, A-tho anamvuta mkono wa koti, Kiat-sim...

Giam Kiat-sim alifariki siku hiyo, kabla ya adhuhuri.