Nanga ya Nyuma

Mke mwenzangu alikuwa wa chuma, na jina lake Shakwe. Alikuwa meli ya jeshi la wanamaji, ile ya kupanda mpaka ufukweni, kufungua mdomo na kushusha askari na vifaru mchangani. Mume wangu Khatibu alimtumikia miaka kumi na mmoja kabla hajanioa, na alipoumia bega wakampumzisha.

Mwaka 2008 tulihamia Johannesburg, chumba cha kupanga mtaa wa La Rochelle. Mimi nikawa nakaanga sambusa, yeye anachomelea mageti. Mji huu hauna bahari hata ya kunawia miguu, nikajua nimemwacha mwenzangu mbali. Thubutu! Picha ya Shakwe ilipigiliwa juu ya kitanda. Picha yetu ya harusi imo kwenye droo ya vijiko mpaka leo.

Mgeni akiketi tu, Khatibu anaanza. Mafuriko yalipokata barabara, Shakwe ndiye aliyepeleka mahindi, akapanda mchanga, kijiji kizima kikaingia tumboni mwake. Mwanamke mmoja akajifungua humo, katikati ya malori. Mimi nilijifungua Mwatumu wetu hapa hapa Johannesburg, uchungu siku mbili, na hiyo sijamsikia akimsimulia mtu.

Kazi yake melini ilikuwa nanga ya nyuma.

"Kabla ya kupanda mchanga," alikuwa akisema, "unaangusha nanga nyuma, huko kwenye kina. Ukimaliza kazi unavuta mnyororo, unakurudisha majini. Ukisahau, basi, umekwama hapo hapo."

Ndipo nilipolielewa sanduku la chini ya kitanda. Sare nyeupe zilikuwa humo, na buti, na pasipoti. Kila mwezi alizitoa, akazipiga pasi, akazirudisha. Wenzake walikuwa wamemwambia Shakwe atatengenezwa na mabaharia wa zamani wataitwa. Kumbe bwana huyu alinioa na nanga yake kaiangusha nyuma!

Nilimweleza Goreth, jirani yetu Mrundi. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Mais, lakini dada, unaonea chuma wivu? Chuma hakipiki, hakizai."

"Ndiyo maana Khatibu hamchoki," nikamwambia.

"Eish! Basi mwombee azame."

Nikamwombea, tena kwa sauti. Nilitaka siku moja tu Khatibu alifungue sanduku lile na asizirudishe sare, kwa hiari yake, aseme anakaa na mimi.

Mwaka 2012, tukiwa tunakula mchana, simu ililia. Alikuwa baharia mwenzake. Shakwe alikuwa akivutwa kupelekwa kwenye matengenezo, mtupu, hana mtu ndani. Dhoruba ikakata kamba, mawimbi yakang'oa milango ya mbele, maji yakaingia.

Khatibu akaweka simu kando ya ugali. "Amezama," akasema.

Moyo wangu ulipiga vigelegele. Nilijifunika mdomo kwa kanga asinione, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtiririka mtu mzima yule.

Kisha akainama, akalivuta sanduku. Akatundika sare kabatini, kando ya magauni yangu. Pasipoti akanikabidhi mkononi. Sanduku tupu akalisukuma mbele yangu.

"Weka vyombo vyako vya biashara," akasema. "Sasa nipo, Biubwa. Sina tena pa kurudi."

Miaka minne nililisubiri hilo neno nipo. Na hayo ya kukosa pa kurudi yakalichafua lote. Sikutaka mume aliyekwama. Nilitaka anichague huku mwenzangu angali anaelea, ili nimshinde akiwa hai.

Ningenyamaza, ningekuwa mwanamke mwenye akili.

"Na angekuwa hajazama, Khatibu?"

 Alitazama picha ya Shakwe ukutani, na mkono wake ukarudi wenyewe kwenye mshikio wa sanduku, ukaukamata.