Umande Juu ya Kioo

Mwaka 1978 Germana alikuwa mkorogaji wa simenti ya meno katika kituo kimoja cha afya pale Karatu. Machoni pa watu ilikuwa kazi ndogo: kuweka unga mweupe juu ya kibao cha kioo, kuudondoshea dawa yake ya maji, kukoroga kwa kisu butu, kisha kumpa Bwana Clemensi, mganga wa meno, azibe tundu. Yeye aliipenda. Asubuhi ukungu ulipoteremka kutoka msitu wa Ngorongoro ukameza miti, barabara na kengele za ng'ombe, alijiona yuko ndani ya wingu, anakoroga kipande cha wingu lilelile.

Baada ya masika simenti ikaanza kuwaangusha. Namunyak, bibi wa Kimaasai aliyekuja kwa lori kutoka Nainokanoka, alirudi mara mbili, kila mara ameshika kiganjani chembe zilizopukutika kama chokaa. Clemensi alimwambia Germana, bila kupandisha sauti, kwamba anabania unga, na simenti nyepesi haiwi ngumu. Germana akaongeza unga, bado ikapukutika. Akakisogeza kibao karibu na jiko la kuchemshia vyombo; simenti ikaganda kabla unga wa kutosha haujaingia, na hiyo ikavunjika upesi zaidi. Hapo akaelewa kwa nini walifundishwa kutumia kioo cha baridi: baridi humpa mkorogaji nafasi ya kuingiza unga mwingi, polepole.

Namunyak aliporudi mara ya tatu, hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Germana.

"Mwanangu," alisema, "kama mkono wako umechoka, niambie tu. Waling'oe jino, nirudi kwa mbuzi wangu."

Germana alimwomba asubiri kidogo. Akaketi dirishani na kibao mapajani. Nje hakukuwa na kitu ila weupe uliokuwa ukipita taratibu, ukiingia dirishani bila kubisha hodi. Alikuwa kama mtu anayesinzia macho wazi. Kidole chake kikateleza juu ya kioo, kikaacha njia nyembamba inayong'aa.

Maji.

Akafungua daftari la wagonjwa. Wote waliorudi walizibwa asubuhi. Wa alasiri hakurudi hata mmoja.

Alipomwonyesha Clemensi, naye alipitisha kidole, akakitazama kilivyolowa.

"Nilikulaumu wewe," alisema hatimaye, "kumbe ukungu ulikuwa unakoroga pamoja nasi. Nisamehe, dada."

Wakangoja. Kuelekea saa sita jua likapasua weupe, na vilima vya Mbulumbulu vikajitokeza kimoja kimoja. Germana alikifuta kibao kwa kitambaa kikavu. Kilikuwa bado baridi, lakini hakikutoa jasho. Akauingiza unga kidogo kidogo, akiutandaza kwa mapana, hadi aliponyanyua kisu simenti ikavutika kama uzi. Clemensi alizungushia jino pamba ili mate yasiliguse, akaziba tundu, wakamwomba bibi atulie kinywa wazi mpaka igande.

Namunyak akafumba macho. Baadaye aliwaambia kwamba katika utulivu ule alimwona marehemu mama yake akitembea kwenye nyasi za bonde la kreta ya Ngorongoro, mbele yake hatua chache, asigeuke wala asiharakishe. Alisema alitamani simenti ichelewe.

Tangu siku hiyo kuziba meno kulianza ukungu ukishaondoka. Bibi hakuonekana tena hadi Desemba, alipokuja na kibuyu cha maziwa, bila maumivu yoyote. Kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi langoni alichukua hindi, akaling'ata kwa upande ule ule wa jino lililozibwa, akatafuna taratibu huku akimtazama Germana. Germana alisimama akisikiliza punje zikipasuka, na ingawa Clemensi alikuwa akimwita ndani, hakutaka kuondoka.