Gari Lisilozimwa

Mgeni aliingia kwenye gereji ya Mutisya pale Kwa Vonza bila kupiga honi. Akasimamisha gari katikati ya uwanja, akashuka, akafunga mlango polepole kama anayemwacha mtoto usingizini. Injini aliiacha ikinguruma. Alisalimia, akaomba maji ya kunywa, akaketi juu ya tairi kuukuu na kumaliza kikombe kizima, na injini bado inanguruma.

"Ndugu yangu," Mutisya akasema kutoka chini ya lori alilokuwa akilitengeneza, "hayo mafuta unamchomea nani?"

"Nikizima, huenda isiwake tena."

"Hujazima tangu wapi?"

"Tangu Garissa."

Kichwa cha Mutisya kikajitokeza chini ya lori, nywele zimejaa vumbi, macho yamejaa furaha. "Na mafuta uliweka vipi?"

"Mwingi walikataa kuniwekea ikiwa inanguruma. Nikaiacha kando ya barabara, nikabeba kwa mtungi."

Nzilani, msaidizi wa Mutisya, alikuwa amekwisha kuweka spana chini na kulizunguka lile gari. Lilikuwa vani ya zamani ya abiria, ya ule muundo ambao injini imekaa chini ya viti vya mbele. Viti vya nyuma viling'olewa siku nyingi. Mahali pake palikuwa na mbuzi watatu, dume mmoja mweusi tii na majike wawili, wamesimama kwa adabu kama wazee wa kanisa wanaosubiri mchungaji. Kwenye kona ya nyuma kabisa, juu ya kirafu cha mbao, palikuwa na mkeka wa kuswalia uliokunjwa vizuri.

Nzilani alikuwa na shahada ya uhandisi ya mwaka uliopita. Mutisya alimwita Injinia, na kila alipolitamka jina hilo ulidhani anaonja mchuzi wa mtu mwingine. Lakini Nzilani hakukasirika. Aliamini kwamba kila ubovu una sababu yake, na anayeuliza kwa subira hujibiwa.

Mgeni aliitwa Aftin. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na wale mbuzi watatu walikuwa wa ntheo. Hapo hakukuwa na haja ya maelezo zaidi. Mkamba yeyote ajua kwamba mbuzi wa ntheo wasipofika kwa wazazi wa msichana, hakuna ndoa, hata mkivaa pete kumi. Bwana harusi aliitwa Musyoka, wa Nunguni. Mwezi uliopita Aftin alikuwa akimpelekea mbuzi hao hao, akasimama Sultan Hamud kuswali adhuhuri, na aliporudi gari likakataa kuwaka. Wazee wa pande zote mbili wakakaa nyumbani kwa Mbinya, yule msichana, tangu asubuhi hadi jua lilipotua, wakala chakula chote, wakaagana.

"Baba yake Mbinya amesema kesho ndiyo mwisho," Aftin akasema. "Mbuzi wakichelewa tena, atajua Musyoka anacheza na binti yake. Na Musyoka hakucheza. Ni mimi. Angeweza kununua kwa mtu mwingine, lakini akaniambia, Aftin, leta wewe mwenyewe, umalize aibu yako."

"Umebadilisha nini mpaka sasa?" Nzilani akauliza.

"Betri mpya. Stata mara mbili. Swichi ya ufunguo. Fundi mmoja akaniambia nimerogwa."

"Huyo alikuwa amemaliza vipuri vya kuuza," Mutisya akasema.

"Zima gari, kaka," Nzilani akasema.

Aftin akamtazama. Mutisya naye akamtazama.

"Likiwa linanguruma siwezi kujua kwa nini linakataa kuwaka. Zima. Nakuahidi, kesho saa moja asubuhi utatoka hapa, na halitakukatalia njiani."

Mutisya akakohoa kikohozi kirefu cha mtu anayemwonya mwingine kanisani. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Aftin akasema bismillahi, akazima, na kimya kikashuka uwanjani hata kuku wakashangaa.

Nzilani akageuza ufunguo. Gari likawaka hapo hapo.

Akazima, akawasha. Likawaka. Alifanya hivyo mara kumi, na mara zote kumi gari likawaka kama jipya kutoka bandarini, huku Aftin akijifuta jasho na Mutisya akihesabu kwa sauti.

"Imepona," Mutisya akasema baada ya mara ya kumi. "Injinia ameiwekea mikono."

"Haijapona. Inatuficha." Nzilani akachukua daftari na kuketi karibu na Aftin. "Niambie kila mahali ilipokataa. Ulikuwa umetoka wapi, na ulikuwa umefanya nini."

Aftin alikumbuka vizuri. Sultan Hamud, baada ya kuswali. Mji wa Wote, baada ya mnada. Mwingi, baada ya mnada. Kitui mjini, alipokwenda kunyoa. Asubuhi halikukataa kamwe. Na baada ya mnada, lilikataa siku zile tu alizouza mbuzi wote.

"Wakibaki je?"

"Wakibaki naondoka nao mara moja. Wakiisha, naosha gari."

Moyo wa Nzilani ukaruka. Maji. Akaomba ndoo mbili, akawashusha mbuzi, akamwaga maji sakafuni na kuyasukuma kwa fagio mpaka yakachuruzika chini ya gari. Akageuza ufunguo kwa uhakika wa mtu anayefungua zawadi.

Gari likawaka.

Mutisya alicheka hadi akashika mlango wa lori. "Injinia, umeosha gari ya watu vizuri sana. Sasa pangusa vioo."

Hata Aftin alicheka kidogo. Nzilani naye akacheka, kwa kuwa maji yalikuwa yamemwingia kwenye viatu na hapakuwa na jambo jingine la kufanya. Waliliacha gari lingurume wakati wakiwafunga mbuzi kwenye uzio, ambako yule dume mweusi alianza kutafuna kofia ya Mutisya. Kisha Aftin akazima, akauliza kibla kiko upande gani, akachukua mkeka wake. Wakati wa alasiri ulikuwa umefika. Mutisya, ambaye ni mzee wa kanisa na redio yake haiimbi ila nyimbo za injili, aliizima bila kuambiwa.

Nzilani akabaki akitazama daftari. Kuosha, kuswali, kunyoa. Kuna nini kinachofanana kati ya wembe na swala? Kila moja huchukua kama nusu saa. Na kila mara gari lilikuwa limetoka safarini, injini ina moto, likazimwa, ule moto ukabaki umefungiwa chini ya kiti bila upepo wa kuupoza. Ukizima na kuwasha mara moja, moto bado haujapanda. Ukingoja hadi kesho yake, umekwisha. Katikati hapo ndipo gari huugua.

Hakugusa kitu. Aliketi akaangalia saa. Dakika ishirini. Dakika thelathini. Aftin alikuwa amekwisha kukunja mkeka wakati Nzilani alipogeuza ufunguo.

Tik.

Akageuza tena. Tik.

"Nzuri sana," Nzilani akasema, na uso wake ukang'aa.

"Nzuri?" Aftin akauliza, na wake ukazimika.

"Kaka, mgonjwa amekubali kusema anaumwa wapi." Tayari alikuwa ameinua kiti na kuchomoa mita yake. "Mzee, nishikie ufunguo. Nikisema geuza, geuza."

Betri ilikuwa nzima. Umeme ulitoka kwenye betri ukafika kwenye stata bila kupungua. Kisha akaweka sindano moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akasema geuza, na mita ikaonyesha karibu volti nne, mahali ambapo haikupaswa kufika hata nusu.

"Umeme haujui kwenda tu," akamweleza Aftin. "Lazima urudi kwenye betri. Njia ya kwenda ni lami tupu. Ya kurudi imebomoka."

Njia yenyewe ilikuwa waya mfupi wa kusukwa, uliofungwa kwa bolti kati ya injini na sakafu, mahali pa giza ambapo hakuna fundi aliyepeleka tochi. Ulikuwa wa kijani kama mkate uliosahauliwa. Nzilani akaunusa, akaupitisha kwa Mutisya, naye akaunusa na kuurudisha haraka.

"Mkojo wa mbuzi," Mutisya akasema.

"Wa miaka," Nzilani akasema. "Kaka, ukiosha, gari unaliegesha likiangalia wapi?"

"Mteremko. Pua chini," Aftin akajibu. "Ule uchafu ni najisi. Mkeka wangu uko nyuma. Nataka maji yote yakimbilie mbele, mbali na mkeka." Akautazama ule waya, akatazama kiti, akatazama kirafu cha nyuma. "Subhanallah," akasema polepole. "Ni mimi niliyekuwa nikiiua, kila wiki, kwa usafi."

Mutisya akampiga bega kwa upole. "Wenzako huua magari kwa uchafu, ndugu yangu."

Basi wakaufungua waya, Nzilani akausugua kwa msasa hadi ncha zikang'aa, akaurudisha, wakapima tena. Volti moja na nusu. Gari likawaka.

"Haya," Mutisya akasema. "Kaza bolti, aende na amani."

"Moja na nusu ni nyingi, mzee. Umeliwa ndani. Nyuzi zilizobaki ni chache, na moto wa injini ukipanda hazipitishi umeme wa kutosha."

"Moja na nusu ni karibu na sifuri."

"Hata Mombasa ni karibu, ukiangalia ramani."

"Injinia, nisikilize. Atafika. Asipofika, atakuwa mbali." Alisema hivyo kwa mzaha, lakini alikuwa akimtazama machoni. Gari lilikuwa linawaka. Aftin hangejua tofauti, na hakuna ambaye angemlaumu fundi kwa waya aliousafisha. Nzilani alifikiria wale wazee nyumbani kwa Mbinya, wakimaliza chakula mara ya pili.

"Nilimwambia halitakataa. Sikumwambia litajaribu."

Walitafuta waya mnene wa shaba katika maduka yote ya Kwa Vonza. Waliokuwa nao walikuwa na mwembamba wa taa. Mmoja alikuwa na waya wa kuazimana umeme kati ya betri mbili za magari, na Nzilani alipoukata kidogo akakuta plastiki nyingi na shaba kama uzi wa kushonea. Mwuzaji akaahidi kuagiza kutoka Kitui, ufike Jumatatu.

Waya mnene wa shaba safi, Nzilani alijua mahali palipo na mmoja. Ulikuwa nyumbani kwa bibi yake, Susu Kasiva, kando ya mto wa mchanga. Uliunganisha betri na pampu ya maji ya jua aliyoiunda mwenyewe mwaka wake wa mwisho wa masomo, kazi pekee ya mikono yake aliyoweza kumwonyesha mtu. Pampu hiyo ilipandisha maji kutoka kisimani hadi kwenye sukuma wiki za Susu, matuta kumi na mawili, na tangu iwashwe Susu hakubeba mtungi tena.

Alifika jua likiwa bado liko juu ya vilima. Susu alikuwa ameketi mlangoni akichambua pojo. Alisikiliza habari yote: Garissa, mbuzi, mkeka, Musyoka.

"Kwa hiyo unataka kukata mkono wa mashine yangu," Susu akasema.

"Ndiyo, Susu. Nitauunga tena wiki ijayo."

"Na mboga zitakunywa nini? Habari za Musyoka?"

"Nitabeba mimi. Kila siku kabla ya jua kuwa kali, hadi pampu irudi."

Susu akarusha pojo mbovu kwa kuku. "Kata. Lakini mitungi uliyoiacha ni ileile ya lita ishirini. Haikupungua ulipokuwa chuoni."

Asubuhi Mutisya alikuwa gerejini kabla yake, jambo ambalo halikuwa kawaida. Alitoa mfukoni vichwa viwili vya waya vya shaba alivyovitunza tangu enzi za malori ya zamani, akavigonga kwa nyundo kwenye ncha za waya wa Nzilani hadi vikashika kama meno. Wakaufunga mahali papya, juu, ambapo maji hayafiki. Mita ikaonyesha sehemu ndogo mno ya volti, na Mutisya akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa moja kamili Aftin aliondoka. Nzilani akarudi kwa Susu, akakunja sketi, akachukua mitungi miwili.

Karibu na saa sita alikuwa kwenye tuta la kumi, mabega yanawaka, simu ilipolia. Aliiweka sikioni kwa mkono uliolowa.

"Dada Nzilani," sauti ya Aftin ikasema. Nyuma yake kulikuwa na vigelegele na mbuzi mmoja aliyelia kwa hasira. "Mbuzi wameshapokelewa. Njiani nilisimama Sultan Hamud. Palepale. Nikazima, nikanywa chai nusu saa, nikimwomba Mungu."

"Kisha?"

"Sikiliza."

Akasikia mlango ukifungwa, ufunguo ukigeuzwa, na injini ikiwaka bila kusita. Kisha Aftin akaizima.

Nzilani akaiweka simu juu ya jiwe. Matuta mawili yalikuwa bado makavu, na Susu alikuwa akimtazama kutoka mlangoni. Akaiokota mitungi, akateremka tena kisimani.