Zamu ya Maji ya Mzee Delmiro

Noela alijua fika kwamba Mzee Delmiro alikuwa akienda kufungulia maji. Kijijini Ameixo, kaskazini-magharibi mwa Hispania, maji ya kijito ya kumwagilia mashamba hugawanywa kwa saa, na zamu ya mzee huyo mjane iliangukia saa nane usiku, kila Jumanne na Ijumaa. Alipita kwenye njia ya mialoni na jembe begani, taa mkononi, mwembamba kama ufito kwa miaka yake themanini na moja, na hakuna aliyeshtuka.

Lakini Noela alikuwa na chaneli ya hadithi za kutisha mtandaoni, nayo ilikuwa imedorora. Alipopoteza kazi mjini Vigo alirudi kukaa kwa shangazi yake Obdulia, na watazamaji wake walikuwa wamechoshwa na majumba matupu na wanasesere wanaofumbua macho. Ijumaa moja ya Julai, ukungu umetanda, alimwona mzee kupitia dirishani, akamrekodi kwa simu. Sekunde kumi na tisa. Sauti ya maji akaifuta, akaweka kengele. Kisha akasimulia kwa kunong'ona habari za Msafara wa Wafu: roho zinazotembea usiku na mishumaa, zikiongozwa na mtu aliye hai, ambaye hubeba msalaba na asubuhi hakumbuki kitu, akizidi kukonda na kupauka mpaka afe au amkabidhi mwingine mzigo wake.

"Na huyu," akamalizia, "anaishi mlango wa tatu kutoka kwangu."

Kufikia Jumapili watu laki sita walikuwa wameitazama.

"Wewe mtoto, umemfanya nini Delmiro?" shangazi aliuliza huku akimenya viazi.

"Ni mchezo tu, shangazi. Sikumtaja jina."

"Hukumtaja! Umeonyesha ukuta wa kanisa na nyumba yake nusu nzima. Hata mbuzi wangu angejua ni Ameixo. Ifute."

"Nitaifuta."

Hakuifuta. Namba zilikuwa bado zinapanda.

Gari la kwanza lilitoka Ourense, la pili Ureno. Wageni walichora duara za chaki barabarani na kusimama ndani yake, kwa kuwa duara humkinga mtu na wafu, wakamsubiri mzee huku wakicheka. Usiku wa Ijumaa iliyofuata Noela aliwasikia wakiita, "Mzee wa Msalaba! Leo unamwachia nani?" Kisha mianga ya simu ikawaka yote pamoja. Mtu alitaka kumshikisha mzee msalaba wa mbao. Mzee akarudi nyuma, akaanguka mferejini. Noela alisikia kilio chake. Alisimama nyuma ya pazia, mkono mdomoni, na hakushuka. Obdulia ndiye aliyetoka na gauni la kulalia na fimbo, akawatimua.

Mkono ulivunjika. Dorinda, binti wa mzee, alikuja kumchukua, akaenda kuishi naye Vigo. Noela aliifuta video usiku uleule mzee alipoanguka, lakini nakala zilikwishasambaa kila mahali, nyingine zikidai mzee hana kivuli.

Mwezi wa Novemba alijikaza, akaenda kumtembelea. Dorinda alimfungulia mlango. Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha la ghorofa ya tano, blanketi magotini.

"Nilidhani ungekuja mapema," alisema.

"Niliogopa, mzee wangu."

"Hata mchana? Basi kweli natisha!" Akacheka, akamgeukia binti yake. "Si nilikwambia? Mtoto huyu aliona taa gizani, akapatwa na hofu. Nani asingeogopa? Hata mimi nisingejitambua kwenye ukungu ule."

Noela angeweza kunyamaza. Mzee alikuwa amemjengea udhuru kwa miezi minne, na kwake ilibaki kuitikia kwa kichwa tu.

"Sikuogopa," alisema. "Nilijua ni wewe. Nilijua unaenda kufungulia maji."

Kicheko cha mzee kilikatika. Alimtazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

"Ulijua."

"Nisamehe, mzee."

"Mama yangu aliuona msafara ule, akiwa na mimba yangu," alisema taratibu. "Ungeniuliza tu, ningekusimulia mpaka alfajiri. Ningefurahi kupata wa kumsimulia." Akageukia dirisha. "Dorinda, mletee koti lake."

Mzee Delmiro alifariki Februari, akaletwa Ameixo kuzikwa. Noela alisimama nyuma kabisa. Nje ya ukuta wa makaburi vijana watatu wasiojulikana walikuwa wameinua simu zao, wakirekodi jeneza. Akawaendea.

"Tafadhali, zimeni. Alikuwa mkulima. Alikuwa akimwagilia mahindi yake."

"Wewe umejuaje?" mmoja aliuliza.

"Kwa sababu ile hadithi niliitunga mimi."

Wawili waliteremsha simu zao. Yule wa tatu aliigeuza ya kwake, akaanza kumrekodi Noela usoni. Noela hakujifunika. Alirudia maneno yaleyale, kwa sauti zaidi, huku ndani ya ukuta udongo ukianza kumwagwa.