Baba wa Nyota ni Nani

Habari hii alinielezea binti yangu Aïcha, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu, siku alikuja kuniona hapa Bangboka tukachambua pondu, majani ya muhogo, pamoja. Yeye aliona yote kwa macho, juu mambo yalipita katika parseli, kiwanja chake mwenyewe, kule Simi-Simi. Minaandika sawa vile alisema. Pahali alicheka, minaandika kwamba alicheka.

Mume wake, Abdulhamid, anafuga ngombe wa maziwa, kazi aliyoachiwa na baba yake. Hapa Kisangani wenye ngombe wa maziwa si wengi, watu wanakunywa maziwa ya unga. Lakini kule kwenye majani ya uwanja wa ndege wa zamani, Abdulhamid iko na ngombe kumi na moja, weusi, karibu wote na doa nyeupe kwenye paji. Baba yake alileta watatu na dume moja kwa barabara ya Ituri. Dume lile liliitwa Sultani. Tangu siku ile hakuna dume la mutu mwingine liliingia katika zizi lao, na Abdulhamid alijisifia hiyo mbele ya kila mutu.

Ngombe wake anawataja sawa watu. Ukimuuliza, "Huyu nani?" hatasema Nyota tu. Atasema, "Nyota, binti Saada, binti Johari," na kidevu kinapanda.

Nyota alikuwa wa kwanza kwa maziwa. Lakini alizaa mara moja tu, kisha miaka miwili hakuna kitu. Anapelekwa kwa dume, watu wanafurahi, wanangoja, halafu anarudi kutaka dume tena. Kabla yake wengine wane walikuwa vilevile, na wote waliishia kwa Papa Moussa, mwenye kuchinja. Abdulhamid alikuwa anasema, ngombe asipozaa maziwa yanakauka, na maziwa yakikauka iko nyama tu.

Basi, Alhamisi moja asubuhi Papa Moussa alishuka kwenye toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, na kamba mukononi. Alikuja kumuchukua Nyota.

Malika alikuwa amesimama kwenye mulango wa zizi. Malika ni mutoto wa pili wa Aïcha, mujukuu wangu, anasoma mifugo kwenye université, mwaka wa tatu. Hakupiga kelele. Alikuwa tu na daftari yake.

"Papa, Nyota hana kosa."

"Kosa ni la nani basi? La dume? Dume linamuzalisha Bahati kila mwaka, unaona."

"Hata dume halina kosa. Kosa linakuja wakikutana wote wawili."

Papa Moussa aligeuza ndoo, akakaa juu yake. "Mimi ninangoja," akasema. "Kosa la wawili wakikutana, hiyo minaijua. Hata nyumbani kwangu iko."

Malika akamuomba baba yake amutaje Nyota. Abdulhamid akataja, Nyota, binti Saada, binti Johari, kidevu juu.

"Hao ni mama tu, Papa. Baba wa Nyota ni nani?"

Abdulhamid alifikiri kidogo. Hakuna mutu alikuwa amemuuliza hivyo hata siku moja. "Sultani."

"Na baba wa Saada?"

"Sultani. Lilikuwa dume la nguvu, liliishi miaka mingi."

"Na wale wane waliokwenda kwa Papa Moussa?"

Abdulhamid akahesabu kwa vidole, kimoja kimoja, na kila kidole kilikuwa Sultani.

"Na dume letu la leo?"

Papa Moussa akajibu kabla yake: "Sultani Mudogo, mutoto wa Sultani. Hata mimi ninaanza kuogopa kuuliza baba yangu ni nani."

Aïcha alicheka pale jikoni, na alipokuwa ananielezea alicheka tena mpaka pondu ikaanguka.

"Na Bahati, yule anayezaa kila mwaka?" Malika akauliza.

"Bahati? Mama yake nilimununua kwa René, kule Yanonge, akiwa na mimba tayari. Baba yake simujue."

"Ndiyo, Papa. Katika hao wote, yeye tu hana damu ya Sultani."

Kisha akawafundisha, polepole, sawa mutu anafundisha mutoto kufunga kamba ya kiatu. Ngombe anapokea kila kitu mara mbili, akasema, kimoja kwa mama, kimoja kwa baba. Kati ya hivyo kuna kimoja kibaya. Ukiwa nacho kimoja tu, kile kizuri kinakifunika, unakuwa muzima, unazaa, unatoa maziwa. Lakini mama akitoa kibaya na baba akitoa kibaya kilekile, mutoto anafia ndani, angali mudogo sana. Haitokei kila mara. Inaweza kuwa mara moja katika nne, lakini bahati haifuati zamu, inaweza kumupiga mutu mara mbili, tatu mufululizo.

"Umepima damu?" Abdulhamid akauliza.

"Hapana. Mashine hatuna hapa. Ninasoma siku tu." Akafungua daftari. Ngombe ambaye hakushika mimba kabisa anarudi kutaka dume siku ya ishirini na moja. Nyota alirudi siku ya hamsini na mbili, mara nyingine siku ya arobaini na tisa. Maana yake alishika, kisha akapoteza.

Abdulhamid aliangalia daftari. "Unataka kuniambia baba yangu alituletea dume mugonjwa."

"Hapana, Papa. Babu alileta dume muzuri. Kila mutu iko na kitu kibaya kimefichika ndani, hata mimi, hata wewe. Sisi ndio tuliliozesha watoto wake."

Hapo Papa Moussa alisimama kutoka kwenye ndoo. Lazima niwaelezee kwamba katika mutaa wao, kabla ya ndoa, watu wanakwenda kwa Abdulhamid. Yeye anajua nani ni wa nani, na nani alinyonyeshwa na nani, juu katika dini yao walionyonya titi moja hawaoani, hata kama mama zao ni mbalimbali.

"Abdulhamid, kaka yangu," Moussa akasema, "wewe uliyezuia harusi ya Karima, chakula kimeshapikwa, kwa sababu yeye na muchumba wake walinyonya titi moja la nyanya. Na humu ndani baba anaoa binti, kaka anaoa dada, na unakata majani kuwapelekea."

Aïcha anasema Abdulhamid alipangusa uso kwa mukono wa kanzu. Kisha akamugeukia Malika: "Sawa. Tafuta dume lako. Nyota akizaa, amezaa. Asipozaa, kamba ya kumupeleka kwa Moussa utashika wewe."

"Nitashika," Malika akasema.

Dume lilitoka Yanonge kwa Papa René, likapanda mto kwa mashua, katikati ya magunia ya makaa na vitunga vya samaki wa moshi. Lilikuwa jekundu, bila doa. Papa René alikuwa amelipatia jina Constant. Abdulhamid alipolisikia aliuliza kama lina kadi ya ubatizo. Lakini alilikatia majani yeye mwenyewe.

Malika alihesabu siku tangu Nyota alipopelekwa kwa dume lile. Ya ishirini na moja, Nyota alitulia. Ya arobaini na tisa, Malika hakula. Ya hamsini na mbili alishinda zizini, akakosa masomo, na Abdulhamid akapita mara tano akijifanya anatafuta jembe. Siku ya sabini Nyota alikuwa angali ametulia. Malika alisema tu, "Bon, sawa," akaenda kuoga.

Nyota alizaa mwezi wa pili, wakati wa kwenda kusali alfajiri, baada ya usiku wa kuhangaika. Ndama dume, jekundu-jeusi, likasimama lenyewe. Abdulhamid alilikausha kwa kanzu yake nzuri. Papa Moussa alikuja kuona, akasema, "Nimepoteza nyama, lakini nimepata mwalimu."

"Litaitwa Sultani wa Tatu," Abdulhamid akasema. "Tutalifuga hapa, litakuwa dume letu."

Malika alimuangalia tu. "Papa."

Abdulhamid akacheka, akainua mikono. "Basi, basi. Nitalipeleka Yanonge."

"Yanonge iko watoto wa baba yake, Papa."

"Sasa liende wapi, Ulaya?"

"Bangboka kuna watu wenye ngombe wa pahali pengine. Tuwaulize baba za ngombe zao kwanza."

Na Abdulhamid, mbele ya Moussa na majirani waliokuja kwa maziwa, akasema, "Muulizeni yeye. Katika zizi hili, ndoa anapanga Malika." Aïcha anasema hajawahi kumusikia akitaja jina la mutoto vile, taratibu, sawa mutu anabeba yai.

Saa sita ya mchana wageni walikuwa wamekwenda. Abdulhamid alilala kwenye kiti, mudomo wazi. Aïcha alilaza kichwa kidogo kwenye mukeka, na kabla ya macho kufunga alimuona Malika barazani, anapanga ngombe wote kumi na moja katika daftari mupya, baba upande huu, mama upande huu. Alipofika wa saba kalamu ilisimama. Akalaza shavu juu ya ukurasa, akalala.