Ukanda Uliofifia

Despina Vlahos hakutulia. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka ukumbi wa kituo cha zimamoto cha mji mdogo wa Wirrabeen, akinyoosha viti vilivyokwisha nyooka, akifuta kioo cha kishikwambi kwa upindo wa shati. Miaka mitatu alikuwa akiitengeneza ramani moja tu, ya kuwaonyesha watu moto wa msituni utaelekea wapi. Baada ya wiki mbili, kabla kiangazi hakijashika kasi, ingeingizwa kwenye simu za jimbo zima.

Jaribio lilikuwa jepesi. Mtu anaketi, anaonyeshwa ramani, anaulizwa: moto umewaka hapa, nyumba yako ile pale, utakimbilia wapi?

Wa kwanza alikuwa Nerida Tulloch, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyejitolea kwenye zimamoto miaka thelathini. Hakusita. Aligusa ukanda wa rangi ya chungwa iliyofifia, pembeni mwa moto.

"Hapa."

Despina akainama juu ya kishikwambi. "Kwa nini hapo?"

"Si rangi imepungua? Moto umechoka hapo."

Moto haukuwa umechoka. Rangi ilififia kwa sababu kompyuta haikuwa na hakika: huenda moto ungefika, huenda usingefika. Hadi saa sita mchana, watu tisa kati ya kumi na wawili walikuwa wamekimbilia mle mle.

Despina akatoka nje kumpigia Profesa Lachlan Pettifer, msimamizi wake.

"Watu kumi na wawili si utafiti," Pettifer alisema. "Hao ni wageni wa chai."

"Tisa wamekufa, Lachlan."

"Kwenye kishikwambi."

"Mpaka sasa."

Profesa akashusha pumzi. "Tumeshatangaza. Niwaambie nini wakubwa?"

"Waambie nimekosea. Taja jina langu, lako liache."

"Watakutafuna."

"Na wanitafune."

Ndani alimkuta Nerida akimalizia keki ya nazi. "Vipi, mwanangu, nimefeli mtihani?"

"Niliyefeli ni mimi, mama." Akamweleza.

Nerida alijipangusa makombo. "Kumbe! Sasa kama hujui, mbona unanipakia rangi ya upole? Asiyejua husema sijui."

Despina akachukua ramani ya karatasi na kalamu nene, akauchora ukanda ule mistari myeusi ya mshazari, akaandika juu yake: *Hatuna hakika. Moto unaweza kufika.*

"Hapo sikanyagi hata kwa fimbo," Nerida alisema.

Ramani ikaahirishwa. Gazeti moja liliandika kwamba wasomi wanachezea rangi huku misitu inakauka. Kiangazi kizima watu walitumia ramani ya zamani, na kila siku ya upepo wa joto Despina aliifungua kwenye simu, hata katikati ya kikao, akijiuliza kama amewanusuru watu au amewanyima ramani iliyo bora. Moto mkubwa haukuja mwaka ule. Hakupata jibu.

Mwezi wa tatu alirudi Wirrabeen na ramani mpya na watu kumi na wawili wengine. Kumi na mmoja waliukwepa ukanda wenye mistari. Mmoja, mwalimu wa muziki aitwaye Corin, aligusa katikati yake.

"Nilidhani ni barabara," alisema akicheka.

Wale kumi na mmoja walikuwa wameanza kukunja viti. Despina akavuta cha kwake, akakisogeza karibu na mwalimu.

"Tuanze tena, taratibu. Jicho lako lilitua wapi kwanza?"