Malaika wa Ghorofa ya Pili

Jumapili ya kwanza ya Desemba, baada ya kuosha vyombo, Mama Vifungo alikata pakiti ya maziwa kwa mkasi wa kucha akapata nyota mbili na nusu. Ile nusu aliigeuza mwezi. Binti yake alikuwa ametoboa vizibo vya soda kwa msumari na kuvitunga kwenye uzi, na tawi kavu lilisimama ndani ya kopo la rangi lililojazwa mchanga, limeegemea kabati kama mgeni aliyechoka. Habari za mapambo ya dukani hawakuzigusa kabisa.

Kazi kubwa ilikuwa malaika. Huu ulikuwa mwaka wa tisa Mama Vifungo akishona vifungo kwenye mashati ya kiwandani, ndiko jina lilikotoka, na mwaka mzima alikuwa akitoka na vipande vyeupe vilivyobaki baada ya kukata kola, amevikunja ndani ya kilemba. Mlinzi wa getini alipekua mifuko na viatu, vilemba aliviheshimu. Kwa vipande hivyo Mama Vifungo alishona malaika wa zawadi, mmoja kwa kila mwanamke wa ghorofa ya pili, tumboni kamjaza nyuzi, kichwani kampa kifungo. Wakafika thelathini na mmoja. Wa thelathini na mbili alikuwa wa binti yake, aliyepata nafasi ya kuanza kazi hapo hapo Jumatatu baada ya sikukuu. Akaongeza mmoja wa msimamizi, kwa adabu tu, maana hakumpenda.

Aliwatundika wote kwenye tawi, lakini asubuhi yake hawakuwapo. Walikuwa wamerundikana mlangoni, wamebanana, vichwa vya vifungo vimegusa ubao, na pindo za kanzu zao zilikuwa nyeusi. Wa msimamizi peke yake alibaki akining'inia kwenye tawi, mweupe pe.

"Ulifunga mlango, mama?" binti aliuliza.

"Kwa komeo, kama siku zote."

"Basi ndiyo maana."

Mama Vifungo alimnusa mmoja. Alinuka moshi. Akawafua wote kwa sabuni ya mche, akawaanika kwenye kamba pamoja na soksi, akawapaka poda aliyoazima kwa jirani. Siku ya pili walikuwa mlangoni tena, weusi tena. Siku ya tatu aliacha mlango wazi kidogo, akauzuia kwa kiti, na malaika wakakaa kwenye tawi lao wametulia. Ila paka wa jirani aliingia akala samaki wa kesho yake. Tangu hapo kila jioni watu wale wawili walilazimika kuchagua, samaki au malaika, na mara nyingi walichagua samaki.

Mama Vifungo hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Ghorofa ya pili ya kiwanda ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulipita katikati ya meza za pasi na marundo ya maboksi. Wa nyuma ulitokea kwenye ngazi ya chuma iliyoshuka hadi uani, na tangu mwezi wa nne ulikuwa na kufuli, kwa sababu vitambaa vilikuwa vikipotea. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa msimamizi, na msimamizi mchana kutwa alishinda jengo la pili, ng'ambo ya barabara. Vitambaa vilivyopotea, Mama Vifungo alijua vilipotelea kwenye kilemba cha nani. Hakuwahi kumwambia mtu.

Siku ya kufunga kiwanda kwa sikukuu aliwabeba kwa kikapu pamoja na zile nyota, akawagawa saa ya chakula. Wanawake walishukuru, wakacheka, kila mmoja akamweka wake mapajani. Malaika walitulia kidogo. Kisha walishuka mmoja mmoja, wakapita chini ya vyerehani, wakaenda kujibana kwenye mlango wa nyuma. Wanawake waliinua miguu kuwapisha.

"Wa kwangu hatembei jamani, anakimbia," alisema mpiga pasi, aliyekaa mbali na mlango ule kuliko wote. Wenzake wakacheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe.

Msimamizi alikuja akachuchumaa, akaokota mmoja, akampindua, akapapasa mshono.

"Hiki kitambaa ni chetu," alisema.

Mama Vifungo alisimama. 

"Ni mimi, bosi. Mimi peke yangu. Hawa wenzangu hawana mkono mrefu. Nifukuze mimi, kisha ufungue huo mlango."

"Kumbe nilifanya vizuri kuufunga," alisema msimamizi, bila hasira, kama mtu aliyeonyeshwa jibu la hesabu iliyomsumbua.

Hakumfukuza, kwa kuwa mashati elfu mbili yalikuwa yakisubiri vifungo. Aliagiza kufuli la pili. Na kwa vile malaika wangeweza kunaswa kwenye mashine, alimwita fundi mitambo na nyundo yake, na wote thelathini na mmoja wakapigiliwa misumari kwenye ule ule mlango, kwa safu nne, na juu yao zile nyota za pakiti ya maziwa. Katika safu ya mwisho fundi aliacha nafasi moja. Wanunuzi waliokuja saa kumi walisema ghorofa imependeza, wakapiga picha mbele yake. Wa kwake mwenyewe msimamizi alimpenda. Alimfunga kwenye kamba ya ufunguo.

Siku ya Krismasi malaika wa binti alishinda mlangoni, mweusi sasa hadi kiunoni. Mama Vifungo alimtazama, chakula kikamshinda.

"Mwanangu, tafuta kwingine."

"Kwingine wapi, mama?"

Kwingine hakukuwepo, na roho ilimuuma Mama Vifungo kwamba hakuwa na hata uongo wa kumpa.

Jumatatu walikwenda pamoja. Binti alipewa kiti kilichokuwa wazi, kando ya mpiga pasi. Alikuwa amemleta malaika wake ndani ya mfuko wa aproni, mfuko ukawa unatikisika, wanawake wakajifanya hawaoni. Fundi mitambo alimwomba kwa upole, akaenda kumpigilia kwenye ile nafasi. Msimamizi alivuta kufuli la kwanza, akavuta la pili, akaridhika, akashuka kwa mlango wa mbele kuelekea jengo la pili, malaika mweupe akimchezacheza kifuani.

Mama Vifungo alisogeza kiti chake ili auone mgongo wa mwanawe. Kutoka pale hadi kwa binti zilikuwa hatua kumi na nne. Kutoka kwa binti hadi mlango wa nyuma, thelathini. Alikuwa amezihesabu asubuhi ile, kabla mtu hajafika.

Vyerehani vilikuwa bado havijaanza kunguruma binti alipoinua pua na kugeuka.

"Mama, hii harufu ya moshi ni ya pasi?"

"Ni ya pasi," alisema Mama Vifungo, akavuta uzi, akaukata kwa meno.